Unaogopa mnara, humwogopi dereva mwenye simu!

KIJANA mwenzangu, leo naomba tuzungumze kama watu wazima. Sitakuuliza umekula nini, maana jibu la walalahoi nalijua. Nataka kukuuliza swali moja tu: hicho kidude kilichomo mfukoni mwako, kinachokutetemesha paja kila baada ya dakika mbili, unakiogopa kwa lipi?

Swali hilo nimelipeleka vijiweni. Nimewauliza vinyozi, wauza mitumba na waendesha bodaboda wanaosubiri abiria chini ya mwembe. Majibu yalifanana kama mapacha. Huyu anasema simu inaleta kansa ya ubongo. Yule anasema hawezi kulala nayo karibu na mto. Wa tatu akanyoosha kidole juu, kwenye mnara uliosimama nyuma ya nyumba ya jirani, akasema kwa sauti ya chini kama anayemsengenya mkubwa: "Kaka, ule mnara unatumaliza polepole."

Tukiwa katikati ya mjadala huo, bodaboda ikapita mbele yetu. Abiria wawili wamepakiwa mshikaki, dereva kaichomeka simu ndani ya helmeti, anacheka na mtu asiyeonekana. Hakuna aliyeshtuka. Hakuna aliyenyoosha kidole. Mjadala wa mnara ukaendelea!

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoamua kuandika makala hii. Tumekuwa watu wa kuogopa tusichokiona, huku tukikichekea kinachotuua mchana kweupe.

MNARA SI JINI

Tuanze na hiyo mionzi, maana najua bila kuimaliza hutanisikiliza.

Simu ya mkononi ni redio. Haina uchawi. Inapokea mawimbi na inatuma mawimbi, na mawimbi hayo ni ndugu wa yale ambayo wazee wetu wameyapokea majumbani tangu mwaka 1951, redio ilipoanza kutangaza Dar es Salaam. Tofauti ni kwamba redio ya babu ilikuwa inasikiliza tu. Hii yako inasikiliza na kusema, tena inasemea sikioni mwako.

Neno "mionzi" ndilo linalotutia kiwewe. Ukilisikia unakumbuka eksirei na mabomu ya atomiki. Lakini mionzi haiko sawa yote, kama vile maji ya kikombe na maji ya mafuriko hayako sawa ingawa yote ni maji. Mionzi ya eksirei ina nguvu ya kuzivunja chembe za mwili, na ndiyo maana mpiga picha wa hospitali hujificha nyuma ya ukuta. Mawimbi ya simu hayana nguvu hiyo. Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba yakiwa makali sana yanaweza kupasha mwili joto.

Ni kwa sababu ya joto hilo viwango viliwekwa. Tume ya kimataifa inayoshughulikia mionzi ya aina hii, ICNIRP, ilitoa miongozo yake mwaka 1998 na kuifanyia marekebisho mwaka 2020. Kwa raia wa kawaida, kiwango cha mwili mzima kimewekwa mara 50 chini ya kile kinachoanza kuleta joto la kudhuru. Kwa kichwa, kiwango ni wati 2 kwa kila kilo ya nyama ya mwili. Simu ya kampuni inayojiheshimu hupimwa kabla ya kuingia dukani. Katika simu nyingi ukibonyeza *#07# utaoneshwa kipimo cha hiyo uliyonayo. Jaribu leo jioni, ni bure.

Na mnara je? Antena zake ziko juu, na mawimbi yake yameelekezwa mbele kama mwanga wa mnara wa meli, hayamwagwi chini kama maji ya bomba. Halafu mawimbi hupungua haraka sana kadiri unavyokaa mbali nayo. Ukiongeza umbali mara mbili, nguvu inabaki robo. Kwa hiyo kinachokufikia wewe uliyelala chumbani kutoka kwenye mnara ni kidogo kuliko kinachotoka kwenye simu uliyoibandika shavuni.

Sasa sikia kituko chenyewe. Simu ikiwa mbali na mnara, hupaza sauti ili isikike, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Simu ikiwa karibu na mnara, hunong'ona. Wale wanaopigania mnara uhamishwe mtaa wa tatu wanaiamuru simu yao ipige kelele zaidi pembeni mwa kichwa chao wenyewe! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kama kuna mawimbi ya kukuhangaisha, yamo mfukoni mwako, hayako kwenye mnara wa jirani.

WATAALAMU WAMESEMAJE?

Usiniamini mimi. Mimi ni mwandishi, si daktari. Waulize waliopima.

Mwezi Mei mwaka 2011, taasisi ya Umoja wa Mataifa ya utafiti wa kansa yenye makao yake Lyon, Ufaransa, iliyaweka mawimbi ya simu katika kundi linaloitwa 2B. Maana yake ni kwamba "huenda" yakaleta kansa, lakini ushahidi hautoshi. Magazeti ya dunia yakapiga kelele. Wachache walisema kwamba katika kundi hilo hilo imo dondoo ya jani zima la aloe vera, na zimo achari za mboga za Asia. Sijasikia mtu akiukimbia mshubiri uani kwake.

Mwaka 2010 ulikuwa umetoka utafiti mkubwa wa nchi 13 ulioitwa Interphone. Kwa ujumla haukukuta kwamba mtumiaji wa simu anapata uvimbe wa ubongo zaidi ya asiyetumia. Kwa wale wachache waliosema walizungumza kwa saa nyingi kupita wote, kulikuwa na dalili iliyowatia watafiti mashaka, lakini wenyewe wakasema kumbukumbu za wagonjwa juu ya matumizi yao ya nyuma hazikuaminika vya kutosha. Mwaka 2024 ukatoka uchambuzi ulioombwa na Shirika la Afya Duniani. Waliuchambua mzigo wa tafiti 63 zilizotolewa kati ya mwaka 1994 na 2022. Hawakuona uhusiano kati ya simu na kansa ya ubongo, hata kwa walioitumia simu miaka 10 na zaidi.

Je, hii ina maana tulale usingizi? La hasha! Mwezi Septemba mwaka 2023, wakaguzi wa Ufaransa waliipima iPhone 12 na kuikuta inatoa wati 5.74 kwa kilo pale inaposhikwa mkononi au kuwekwa mfukoni, wakati kiwango kilikuwa wati 4. Hawakuunda tume ya kuchunguza tume. Waliiamuru kampuni isitishe kuiuza nchini mwao mpaka irekebishe, na kampuni ikarekebisha programu yake. Hiyo ndiyo kazi ya mkaguzi anayekula mshahara wa wananchi: anapima, anatangaza, anasimamisha.

Na sisi tunaye wa kupima. Tunayo Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyopewa na sheria jukumu la kusimamia mionzi. Tunayo Mamlaka ya Mawasiliano iliyoundwa mwaka 2003. Ombi langu kwao ni dogo. Vipimo vya kila mnara vibandikwe kwenye uzio wa mnara wenyewe, kwa Kiswahili cha mama ntilie: hiki ndicho kiwango cha juu, hiki ndicho tulichokipima, tarehe ni hii. Mwananchi akisoma mwenyewe, uvumi utakufa kifo chake. Siri ndiyo inayozaa majini.

Uvumi nao una hasara zake. Mwaka 2004 nchini Nigeria watu walivumishiana kwamba kuna namba za simu ambazo ukizipokea unakufa papo hapo. Watu wazima na elimu zao wakawa wanaogopa kupokea simu! Mwaka 2020 huko Uingereza, nchi tunayoiita iliyoendelea, watu walichoma minara kwa moto wakiamini ndiyo inayoleta ugonjwa wa Korona. Ujinga hauna rangi, kijana. Mahali pasipo na taarifa, hujaa hadithi.

HAPA NDIPO KIFO KILIPO

Basi nimekutoa hofu ya mnara. Naomba sasa niiweke hofu hiyo mahali panapostahili.

Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2023 lilisema watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani. Kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna kitu kinachoua zaidi ya ajali za barabarani. Malaria hapana, UKIMWI hapana, bunduki hapana. Barabara! Na katika kila vifo 10, 9 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu sisi. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Wanaume hufa mara 3 zaidi ya wanawake.

Soma tena hesabu hiyo taratibu. Umri wako. Jinsia yako. Usafiri wako. Hapo mnara hauhusiki, wewe ndiye unayehesabiwa!

Simu inaingiaje? Mwaka 1997, wakati huku kwetu simu ya mkononi ilikuwa bado pambo la vigogo, watafiti wawili wa Toronto, Canada, walichukua madereva 699 waliokuwa na simu na waliopata ajali. Hawakuwauliza maneno, maana dereva aliyegonga haoni haya kusema uongo. Walichukua kumbukumbu za simu zao, miito 26,798, wakalinganisha dakika ya ajali na dakika za kuongea. Jibu: dereva anayeongea na simu yuko katika hatari ya ajali mara 4 zaidi. Mwaka 2005 watafiti wa Perth, Australia, wakarudia kazi hiyo kwa madereva 456 waliofikishwa hospitali. Jibu likawa lile lile, mara 4.

Sasa nisikilize wewe unayejidai mjanja na visikilizio masikioni. Toronto na Perth wote walikuta kwamba kuongea bila kushika simu hakukuwa salama zaidi. Kwa nini? Kwa sababu tatizo haliko mkononi. Liko kichwani. Macho yako yanaitazama barabara, lakini akili iko Mbagala inabishana na shemeji juu ya kodi ya chumba. Mtoto anavuka, jicho linamwona, akili haimpokei.

Utaniambia: mbona nikiongea na abiria pembeni yangu hakuna neno? Abiria ana macho. Lori likikatiza, naye ananyamaza, au anapiga kelele "angalia!" Yule wa kwenye simu yuko jikoni kwake anamenya viazi. Hajui kama uko kwenye mteremko.

Mwaka 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliwaweka watu 40 kwenye mashine ya kuigiza uendeshaji. Wakawajaribu wakiwa wamelewa kiwango ambacho sheria ya kwao inakataza, kisha wakawajaribu wakiwa na akili timamu lakini wanaongea na simu. Waliogonga gari la mbele walikuwa 3, na wote 3 walikuwa kwenye simu. Walevi hawakugonga. Sikwambii ulewe! Nakwambia kwamba yule suka unayemwona hajanywa hata tone, akishaweka simu sikioni ni mlevi asiyenuka pombe.

Na hapo ni kuongea tu. Kuandika ujumbe ni balaa jingine. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Ukiinamia simu kwa sekunde 5 kusoma "pesa imeingia", umekwenda mita 110 ukiwa kipofu. Huo ni uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli, na ziada. Nani kati yenu atakubali kufungwa kitambaa machoni akimbizwe uwanja mzima kwenye barabara ya Morogoro, magari yanapishana?

NENO "UZEMBE" NI KICHAKA

Kila ajali ikitokea, taarifa inakuja na maneno yale yale: mwendo kasi, ubovu wa gari, uzembe wa dereva. Uzembe! Hilo neno ni kichaka, kila kitu kinajificha humo. Uzembe gani? Alisinzia? Alilewa? Alikuwa anaongea na tajiri wake anayedai hesabu ya siku? Lini umesikia taarifa ya ajali ikitaja dakika ambayo simu ya dereva ilikuwa hewani?

Wasituambie haiwezekani. Watafiti wa Toronto waliweza mwaka 1997, bila hizi kompyuta za leo. Hapa kwetu usiku wa Juni 16, mwaka 2016, simu bandia zilizimwa nchi nzima. Mwaka 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kufungwa. Julai mwaka 2021 tukaletewa tozo ya miamala, na kila shilingi iliyotoka kwa mjomba kwenda kwa shangazi ilijulikana ilikotoka na ilikokwenda. Mfumo unaojua bibi yangu ametumiwa shilingi ngapi unashindwaje kujua kama dereva wa basi lililoua alikuwa anaongea na simu dakika ile? Ukitaka kodi unaona kila kitu, ukitakiwa kulinda roho za watu unapata makengeza!

Ninachodai si kupekua simu za watu ovyo. Ninadai kwamba palipotokea kifo, kwa amri ya mahakama, kumbukumbu za simu ya dereva ziangaliwe. Mwisho wa mwaka tutangaziwe jumla, bila majina: ajali hizi zilihusisha simu, na hizi hazikuhusisha. Bila hesabu hakuna vita, ni mayowe matupu.

Na sheria je? Sheria yetu mama ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973. Simu ya kwanza ya mkononi ya Mobitel ilianza kuita Dar es Salaam mwaka 1994. Sheria ilizaliwa miaka 21 kabla ya huyo muuaji! Majirani waliamka. Uganda walitunga kanuni mahsusi za kukataza simu za kushika mkononi kwa madereva mwaka 2004. Kenya waliiandika waziwazi katika kanuni zao za mwaka 2016, faini ni shilingi 2,000 za Kenya. Uingereza walikataza mwaka 2003, na mwaka 2022 wakaziba mwanya wa wale waliokuwa wakijitetea kwamba hawakuwa wakiongea, walikuwa wakipiga picha tu. Nasi tunataka kifungu kinachosomeka hata na konda: simu, usukani, marufuku. Na kifungu hicho kimbane mwenye shangingi la serikali kama kinavyombana mwenye bodaboda ya mkopo. Sheria inayomwona maskini peke yake haifai kuitwa sheria.

MIMI NILINYAMAZA

Sasa niungame, maana anayewanyooshea wenzake kidole vidole vitatu vinamrudia.

Nilikuwa kwenye daladala, kiti cha mbele, asubuhi ya kazi. Suka alikuwa kijana mwenzetu, mcheshi, anapiga muziki mzuri. Tulipopita Buguruni simu yake ikalia. Akaipokea kwa mkono wa kushoto, ukasikika ugomvi wa fedha. Mkono wa kulia ndio uliobaki kwenye usukani. Ikakatika. Akaanza kuandika ujumbe kwa kidole gumba, anainua macho, anainamisha, anainua, anainamisha.

Niliona. Aliyekuwa pembeni yangu aliona. Nyuma walikuwepo waliosimama, nao waliona. Sote tukatazamana, kisha kila mmoja akageukia dirisha, na wengi wetu, aibu iliyoje, tukatoa simu zetu.

Mwanafunzi wa shule ya msingi akaanza kuvuka. Breki zililia, watu wakaangukiana. Mtoto aliruka pembeni, akaokoka kwa unywele. Kandambili yake moja ilibaki mbele ya gurudumu. Konda akachungulia dirishani akamtukana mtoto. Suka akasonya, akaitazama simu yake kama imevunjika. Gari likaondoka. Mama mmoja nyuma akasema, "Ajali haina kinga."

Nami nikanyamaza. Mimi ninayeandika gazetini kwamba wananchi waache woga, niliogopa kumwambia kijana wa miaka 25 maneno matano. Niliogopa kuambiwa "shuka upande teksi." Nilishuka kituo changu nikalipa nauli kamili, kama mtu aliyehudumiwa vizuri.

Siku hiyo nilielewa kwamba woga ni mmoja. Anayeshindwa kumwambia dereva wa daladala "weka simu chini" atapata wapi ubavu wa kumwambia mkubwa "rudisha fedha"? Tunajidanganya kwamba ujasiri tumeuweka akiba kwa ajili ya siku kubwa. Ujasiri si akiba ya benki. Usipoutumia kwa madogo, siku ya makubwa utaukuta umeoza.

Na huo msemo wa "ajali haina kinga" ni wa kuuzika. Ajali ya simu ina kinga, tena haiuzwi dukani. Kinga yake ni kidole kuizima.

LA KUFANYA NI HILI

Wewe mwenye bodaboda, najua mteja ndiye ugali wako, na mteja anapiga "uko wapi?" wakati uko barabarani. Ikiita, egesha pembeni, pokea, maliza, ondoka. Dakika moja ya kuegesha haijamfukarisha mtu, lakini mguu mmoja uliokatwa umezifukarisha familia nyingi. Itoe hiyo simu ndani ya helmeti. Helmeti ilitengenezwa kulinda kichwa, haikutengenezwa kuwa kabati.

Wewe unayempigia dereva, nawe umo. Swali lako la kwanza liwe "unaendesha?" Akisema ndiyo, kata. Mwenye gari unayempigia suka wako kila nusu saa kuulizia hesabu, jua kwamba unalipigia gari lako mwenyewe, na abiria waliomo ndani ni watoto wa watu.

Wewe mtembea kwa miguu, usivuke barabara huku umeinamia picha za mpira. Anayekuja naye huenda ameinama. Vipofu wawili wakikutana barabarani, mwenye chuma ndiye anayebaki.

Kama bado mionzi inakutia wasiwasi, dawa yake ni nyepesi: umbali. Tumia kipaza sauti ukiwa nyumbani, au waya wa masikio. Punguza maongezi marefu pale mtandao unapokuwa hafifu. Usinunue simu isiyojulikana ilikotoka, kwa kuwa huna uhakika kama kuna aliyeipima. Basi. Hakuna haja ya kibandiko cha kuzuia mionzi kinachouzwa mtaani, hicho ni changa la macho.

Na wewe abiria, ambaye ndiye mimi, tukubaliane jambo. Kuanzia kesho, suka akiinua simu, tutasema. Bila matusi na bila ubabe: "Suka, weka simu chini, tuna watoto nyumbani." Wa kwanza akisema, wa pili aitikie, wa tatu aitikie. Mmoja atashushwa. Gari zima haliwezi kushushwa!

Mimi nimeshaanza. Wiki iliyopita nilisema, sauti ikitetemeka. Suka alinitazama kwa hasira kwenye kioo. Kukawa kimya. Kisha sauti ya mzee mmoja ikatoka nyuma: "Kijana kasema kweli, mwanangu, weka hiyo simu." Akaiweka.

Kesho asubuhi ni zamu yako. Mnara uache pale ulipo, macho yako yaweke kwenye mkono wa dereva.